Wachukuzi Kumi na Wawili

Watu wengi wakitaja harufu ya kahawa huwa wanafikiria kikombe. Mimi hufikiria majamvi. Kahawa inayoanikwa ikiwa bado na ganda lake jekundu hainukii kama kinywaji hata kidogo. Inanukia kama tunda lililoiva likapitiliza siku moja, utamu uliochanganyika na uchachu, na kufikia siku ya nne, jua likiwa limeipiga sawasawa, inaongezeka harufu nyingine ya ukavu, kama ya majani ya migomba yanayotandikwa chini wakati wa kiangazi. Kwetu Nyakakika harufu hiyo huanza mwezi wa tano na kukaa mpaka nguo zote zilizomo sandukuni zimeishika. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mbali na nyumbani, nilifungua begi nikaikuta kwenye kola ya blauzi. Nilikaa kitandani nusu saa nzima, nikakosa kipindi, nikijiuliza kama huko ndiko kukumbuka nyumbani au ni dalili za malaria. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Jambo dogo nalizungusha kichwani mpaka linachakaa, kisha naanza kujilaumu kwa kulichakaza.

Msimu ninaotaka kuueleza, nilikuwa na miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya mwezi wa sita, na kazi yetu watoto ilikuwa kulinda kahawa uani kwa Bibi. Kulinda maana yake ni kukaa. Unakaa kwenye kivuli cha jiko, fimbo mkononi, majamvi manne mbele yako, na kila baada ya muda unainuka kuigeuza kahawa kwa mikono ili ikauke pande zote. Adui wetu mkubwa walikuwa kuku, ambao kahawa yenyewe hawaili, ila wakiingia jamvini wanaichakura na kuitapanya hadi kwenye kibanja, chini ya migomba, na huko kuiokota ni kazi ya siku nzima. Kwa saa nyingi hapatokei lolote. Katika saa hizo, binamu yangu Mugisha, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na aliyejiona kama mtu mzima aliyekwama kwa bahati mbaya kati ya watoto, alibuni mchezo wa majeshi.

Askari wetu tuliwafinyanga wenyewe kwa udongo wa bondeni. Tuliwaanika kivulini siku tatu ili wasipasuke, kisha tuliwafukia kwenye majivu ya moto baada ya Bibi kuepua ndizi. Walitoka weusi, wagumu, wadogo kama kidole gumba. Hawakuwa askari wa kawaida. Mugisha alisema vita vya bunduki vimeshapigwa vya kutosha, sisi tupigane vita ambavyo havijawahi kuwapo. Kwa hiyo tulikuwa na Joka la Mto Kagera, lenye shingo ndefu na meno ya mbegu za mtama. Tulikuwa na Ng'ombe wa Chuma, mwenye pembe pana kuliko mwili wake, ambaye mikuki haimwingii. Tulikuwa na wapiga mishale waliozaliwa ndani ya ukungu. Mwisho kabisa tulikuwa na wachukuzi: vijitu visivyo na silaha, kila kimoja kimebeba mkungu wa ndizi kichwani. Wachukuzi aliwaweka Mugisha kwa sababu, alisema, hakuna jeshi lisilokula. Hakuna aliyewachagua. Hata kuwafinyanga tuliona ni kupoteza udongo.

Sheria zilikuwa hivi. Kila mmoja anapewa maharage thelathini ya kununulia jeshi. Joka moja ni maharage kumi na mawili. Ng'ombe wa Chuma ni tisa. Mpiga mishale ni matatu, na mchukuzi ni harage moja. Uwanja ulikuwa ardhi iliyosakafiwa kwa samadi kati ya jiko na jamvi la kwanza, na juu yake palichorwa duara tatu: Kisima, Kichuguu na Mgomba. Ili kupiga, unarusha buni kwenye ungo. Buni ya kahawa ina tumbo bapa lenye mfereji katikati, na mgongo wa mviringo. Ikilala chali, tumbo juu, hilo ni pigo. Ikilala kifudifudi, umekosa. Joka linarushiwa buni tano, Ng'ombe nne, mpiga mishale mbili, mchukuzi moja. Mchukuzi anaanguka kwa pigo moja tu, lakini Joka haliwezi kuangushwa mpaka buni nne zilale chali kwa mpigo mmoja. Kila askari anapiga adui mmoja tu kila zamu, na aliyekwisha kukaribiana na adui haruhusiwi kumpita kabla hajamwangusha. Vita vinaanza kivuli cha paa la jiko kikiacha ukuta, na vinakwisha kivuli hicho kikigusa ukingo wa jamvi. Wakati huo tunahesabu: mwenye vichwa vingi ndani ya duara ndiye mwenye duara, na mwenye duara mbili ameshinda.

Sheria hiyo ya mwisho sote tuliijua, na sote tuliisahau kila tulipoanza kucheza, kwa sababu Joka lilikuwa zuri mno.

Mpinzani wangu alikuwa Nasri, mjukuu wa Babu Shomari, mwenye duka kwenye mji mdogo wa Nkwenda. Babu Shomari alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani zamani akaja na nguo za kuuza, akaoa huku, hakurudi tena. Yeye mwenyewe alizungumza Kiswahili kilichonyooka hadi sisi, tuliokuwa tunakitoa puani kwa lafudhi ya Kinyambo, tulikaa kimya kumsikiliza. Msimu wa kahawa alikuja kwa Bibi kila Jumatano na gari lake dogo la mizigo kuangalia kahawa imefikia wapi, na Nasri alikuja naye. Nasri alikuwa na umri wangu, mpole kwa watu wazima na mchokozi kwa wenzake. Alikuwa na mijusi miwili mikubwa ya plastiki kutoka dukani kwao, ya kijani, yenye midomo wazi, na Mugisha aliiruhusu ipigane kama majoka. Udongo wetu karibu yake ulionekana kama kitu kilichoangukia motoni kwa bahati mbaya.

Jumatano ya kwanza Nasri alinipiga kabla kivuli hakijafika nusu ya uwanja. Nilikuwa nimenunua Joka na Ng'ombe wawili, maharage yote yakaisha, nikajisikia tajiri. Askari watatu. Yeye alinizunguka tu. Jumatano ya pili nilibadilisha nikachukua wapiga mishale kumi. Hao wangeweza kunisaidia, lakini katikati ya vita nilianza kuwaza: je, niwagawe, au niwaweke pamoja? Nikawagawa. Nikawarudisha. Nikawagawa tena. Kwa kila zamu nilifikiri mpaka Mugisha akaenda kugeuza kahawa ya jamvi la pili akarudi akanikuta bado nimeshika mpiga mishale yuleyule hewani.

"Kemilembe," alisema, "kahawa itaota mizizi hapa tukikungoja."

"Anaomba dua," alisema Nasri. "Mwacheni, labda mishale itashuka yenyewe."

Nilishindwa. Ndipo Mugisha, akiwa mtunga sheria, akatoa hukumu. Mchezo unataka watu wanaocheza, alisema. Nikishindwa mara ya tatu, nitoke uwanjani. Nafasi yangu atapewa mtu mwingine, na mimi nitakuwa mlinzi wa kuku upande wa kibanja, peke yangu, mpaka shule zifunguliwe. Tena iwekwe sheria mpya kwa ajili yangu: kwa kila zamu atahesabu vidole kumi, na vikiisha sijasogeza askari, zamu imepotea.

Mtu mzima anaweza kucheka. Lakini upande wa kibanja ulikuwa nyuma ya jiko. Huko huoni uwanja, unasikia tu kicheko cha wenzako na buni zikigonga ungo. Nilishakuwa mtoto ambaye shuleni huchaguliwa mwisho kwenye rede. Mchezo wa majeshi ulikuwa mahali pa kwanza nilipofikiri kichwa changu, hicho kinachonisumbua, kingeweza kunifaa. Kama na huko nisingefaa, basi nilijua jibu la swali ambalo sikutaka kuulizwa. Nilikuwa na siku saba.

Siku ya kwanza nililia kidogo, kwa siri, nikachuma majani ya maboga. Siku ya pili nilichukua daftari la hesabu nikaanza kuandika. Sikuandika ni askari gani mwenye nguvu. Hilo kila mtu alilijua. Niliandika kila mmoja anafanya nini kwa zamu moja. Joka: linaangusha mmoja. Ng'ombe: anaangusha mmoja. Nikaangalia maneno hayo muda mrefu. Joka la maharage kumi na mawili, mbele ya mchukuzi wa harage moja, linamla huyo mmoja, na zamu imekwisha. Lina mdomo mmoja. Wakija wachukuzi wanne, litakaa zamu nne papo hapo likitafuna, kwa sababu sheria hairuhusu kumpita aliye karibu nawe. Na kivuli hakimsubiri mtu. Kisha nikaandika jambo la pili: mwisho wa vita Joka ni kichwa kimoja. Mchukuzi pia ni kichwa kimoja.

Nilifunika daftari kana kwamba nimeiba kitu, kisha nikalifunua tena. Nilihesabu jeshi la Nasri: mijusi miwili na wapiga mishale wawili, maharage thelathini, vichwa vinne. Nikahesabu langu jipya: Ng'ombe wa Chuma mmoja, wapiga mishale watatu, na maharage kumi na mawili yaliyobaki yote nikayanunulia wachukuzi. Vichwa kumi na sita. Tatizo ni kwamba nilikuwa na mchukuzi mmoja tu aliyekwisha kutengenezwa, yule wa mfano. Siku ya tatu nilishuka bondeni nikarudi na udongo kwenye sufuria iliyotoboka. Nilifinyanga wachukuzi kumi na mmoja, na ili nisiwachanganye kila mmoja nilimpa mkungu wenye idadi yake ya vidole vya ndizi. Bibi alipita, akainama, akamchukua mmoja.

"Huyu kabeba ndizi gani?" aliuliza.

"Za kupika, Bibi."

"Mwongeze kamba kiunoni basi. Mtu habebi mkungu mzito namna hii tumbo likiwa wazi." Akaenda zake. Baadaye, walipotoka kwenye majivu, niliwafunga wote kamba za nyuzi za mgomba.

Hapo ningeacha. Mpango ulikuwa mzuri, jeshi lilikuwa linakauka kivulini, na mtu mwenye akili timamu angelala usingizi. Lakini wasiwasi ukimaliza jambo moja hutafuta jingine. Siku ya tano nilianza kuwaza buni. Vipi kama nitafanya kila kitu sawa na buni zinikatae? Kila mchezaji alikuja na buni zake mwenyewe, na hakukuwa na sheria iliyosema zitoke wapi. Kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, Bibi alihifadhi kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani: huchumwa mbichi, huchemshwa na majani ya kunukia, hukaushwa, na mgeni akifika hupewa kabla ya maji, kabla ya chakula, kabla ya kuulizwa habari ya safari. Hukaa ndani ya maganda yake, na mgeni humenya mwenyewe. Nilichukua konzi moja nikazimenya. Buni hizo ni ngumu na za kahawia, na hazifanani hata kidogo. Nyingine zina mgongo uliochongoka, nyingine zimebonyea. Nilirusha kila moja mara thelathini na kuweka alama kwenye daftari. Jioni ya siku ya sita nilikuwa nimepata buni tano ambazo zilipenda kulala chali. Si kila mara. Lakini zilipenda.

Nilijua ninachofanya. Nilijiambia kwamba kuchagua buni ni sawa na kuchagua askari. Nilijiambia hakuna aliyekataza. Nilijiambia mara nyingi kiasi kwamba nilielewa mwenyewe kuwa mtu asiye na kosa hajielezi hivyo. Hata hivyo sikuzitupa. Nilichoogopa zaidi ni Mugisha kuziona, maana alikuwa na tabia ya kupekua vitu vya watu. Nikafikiri mahali ambapo Mugisha haruhusiwi kugusa kabisa. Nikaziweka kwenye kikapu cha akamwani, juu kabisa, ndani ya kipande cha jani la mgomba, tano pamoja, zikiwa safi bila maganda.

Nilikuwa nimewaza majoka, kivuli, vidole kumi vya Mugisha, na mvua ikinyesha itakuwaje. Sikuwaza kwamba kikapu cha wageni kipo kwa ajili ya wageni, na kwamba kesho yake mgeni alikuwa anakuja.

Gari la Babu Shomari liliingia saa saba. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akishika mgongo wake na kuilaumu barabara. Alikaa kwenye kiti chake cha kila Jumatano, barazani. Bibi akatoka na kikapu.

"Karibu, waitu," alisema kwa Kinyambo cha heshima. Akafungua mfuniko, akakunjua lile jani, akashangaa. "Eh! Tazama. Mjukuu wangu amekumenyea kabisa. Kemilembe, ni wewe?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, ungo mkononi. Nikasema ndiyo, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Huyu mtoto kafunzwa," alisema Babu Shomari. "Ameona babu yake amebakiwa na meno manne, matatu ya mapambo. Wewe, bi mkubwa, miaka yote unaniwekea na maganda kana kwamba unamlisha beberu."

"Beberu akila hunyamaza. Mbona wewe hunyamazi?" alijibu Bibi. Akachukua buni moja akaitia kinywani yeye kwanza, kama inavyotakiwa, ili mgeni ajue haina ubaya. Nilisikia ikivunjika. Babu Shomari akachukua tatu kwa mpigo. Alizitafuna taratibu, upande ule wenye meno, macho amefumba. Ya tano akampa Nasri. Nasri akaing'ata, uso wote ukajikunja.

"Chungu, babu!"

"Meza. Umepewa na wenyeji."

Akameza. Alikuwa amekula buni yangu bora kuliko zote, ile yenye mgongo kama mtumbwi.

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya kuni. Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kumwomba Mugisha aahirishe, naye angeahirisha kwa dharau ambayo ingedumu mwaka mzima. Nilitazama wachukuzi wangu wamepangwa kwenye kipande cha boksi, kumi na wawili, kila mmoja na kamba yake kiunoni. Hawakuwa na habari ya buni. Mpango ule niliuandika kabla sijafikiria buni hata kidogo. Nilirudi barazani nikaomba ruhusa, nikaingiza mkono kwenye kikapu bila kuangalia, nikachukua tatu zenye maganda. Ndani ya kila ganda mna buni mbili. Nilimenya, nikala moja, zikabaki tano. Nikaenda uwanjani.

Nasri alipoona jeshi langu alikaa chini kwa kicheko. "Umekuja kupigana au umekuja kuuza ndizi?"

"Panga wako," nilimwambia.

Kivuli kikaacha ukuta. Niliwapeleka wachukuzi watano Mgomba pamoja na Ng'ombe, wanne Kisima na mpiga mishale mmoja nyuma yao, na watatu waliobaki niliwatuma moja kwa moja mbele ya mijusi, wakajitupe miguuni. Wapiga mishale wangu wawili niliwaelekeza Kichuguu, kwenye wapiga mishale wake. Buni zangu zilikuwa mbaya. Sijui niseme nini zaidi. Zililala kifudifudi kama watu waliochoka. Ng'ombe wa Chuma, mwenye buni nne, alirusha mara tatu akapata chali moja kwa zote. Wapiga mishale wangu wawili wa Kichuguu waliangushwa mmoja baada ya mwingine, duara hilo likawa la Nasri. Mijusi ikaanza kula. Kila zamu mchukuzi mmoja huku, mmoja kule.

"Joka langu limeshiba," alisema Nasri. "Linauliza kama kuna chumvi."

Mugisha alicheka, nami nikatazama kivuli. Kilikuwa kimefika katikati. Wale watatu wa mbele walikuwa wameisha, na mjusi mmoja ulikuwa umefika Kisima, mwingine Mgomba. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokuja. Nilimwona Ng'ombe pale Mgomba, nikawaza: nikimpeleka Kisima akasaidie? Kisima kuna hatari. Lakini Mgomba itabaki na nani? Lakini kama Kisima kikianguka? Mugisha alishaanza kukunja vidole. Moja. Mbili. Mkono wangu ulikuwa juu ya Ng'ombe. Tano. Sita. Nilimkumbuka mpiga mishale wa wiki iliyopita, nilivyomshika hewani kama kifaranga. Nane. Nikautoa mkono kwa Ng'ombe, nikamsogeza mchukuzi mmoja wa Mgomba nusu shubiri ndani ya duara, pale nilipokuwa nimepanga tangu siku ya pili. "Nimemaliza," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Baada ya hapo sikugusa mpango tena. Mjusi wa Kisima ulikula mchukuzi mmoja. Ulimwangusha mpiga mishale wangu. Mjusi wa Mgomba ulikula watatu. Nasri aliacha utani, akaanza kurusha haraka haraka, maana naye sasa alikuwa anatazama chini. Kivuli cha paa la nyasi hakina ukingo ulionyooka. Kina manyoya, na manyoya yale yalikuwa yanatambaa kuelekea kwenye jamvi. Ilibaki zamu moja. Ndani ya Kisima nilikuwa na wachukuzi wawili. Mgomba nilikuwa na Ng'ombe na wachukuzi wawili. Ukiacha Kichuguu, kwenye kila duara Nasri alikuwa na kichwa kimoja, kikubwa, cha kijani, kilichofungua mdomo.

Akarusha kwa ajili ya Kisima. Buni nne chali. Zingetosha kuangusha Joka. Aliangusha mchukuzi mmoja. Mmoja kwa mmoja: Kisima hakina mwenyewe. Akarusha kwa ajili ya Mgomba. Buni tano zote chali, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sijaliona tena. Akaangusha mchukuzi mmoja. Mgomba ikabaki na Ng'ombe na mchukuzi, wawili kwa mmoja. Ilikuwa zamu yangu, na kivuli kilikuwa upana wa kidole kutoka jamvini. Nilikuwa na Mgomba, yeye alikuwa na Kichuguu, Kisima kilikuwa sare, na hapakuwa na askari wangu aliyekaribia Kisima isipokuwa mmoja. Kwenye zamu ya kwanza kabisa nilikuwa nimeacha mchukuzi mmoja kati ya wale wanne shubiri moja nyuma ya Kisima, yule wa mkungu wa vidole saba. Nilimwacha kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari: mmoja abaki, huwezi kujua. Nasri alimwona kila zamu na hakuona sababu ya kumpiga. Nilimsukuma kwa kidole, shubiri moja, akaingia ndani ya duara na ndizi zake.

Kivuli kikagusa jamvi.

"Lakini majoka yangu mazima!" Nasri alipiga kelele. "Mugisha, hesabu! Nimeua kumi na wangapi?"

Mugisha aliinama akatazama kila duara kama hakimu, akachukua muda wake. "Waliokufa hatuwahesabu," alisema. "Tunahesabu waliosimama. Kisima wawili kwa mmoja. Mgomba wawili kwa mmoja." Kisha akanitazama kana kwamba nimehamia pale siku hiyo. "Kemi, kaa kivulini. Nasri, fimbo hiyo. Kuku wameingia jamvi la tatu."

Nasri alikwenda, na nitasema kwa haki yake kwamba aliwafukuza vizuri, mpaka gari lilipopigwa honi. Mimi nilikaa kivulini, nikiwarudisha wachukuzi kwenye boksi. Babu Shomari alipokuwa anapanda gari aliniita. Alisema hajawahi kutafuna akamwani tamu kama ile, na kwamba Jumatano ijayo anataka imenywe na mkono uleule. Bibi alifurahi. Kwa hiyo kila Jumatano mpaka kahawa ilipoisha, kabla ya vita, nilikaa nikimmenyea Babu Shomari buni tano, na hiyo nikaihesabu kuwa adhabu yangu. Sikuwahi kuzichagua tena. Nilichukua zilizokuja.

Leo nina shahada, na nipo tena Nyakakika. Uwanja wetu umewekwa sakafu ya saruji, na kahawa inaanikwa juu ya meza za wavu ambazo kuku hawazifikii. Watoto wa siku hizi hawana cha kulinda, wala hawana saa zile ndefu tupu. Mugisha yuko Rugera na familia yake. Nasri ndiye mwenye duka sasa, amenenepa, na akiniona Nkwenda huniuliza bei ya ndizi. Mimi kwa miaka miwili nimeandika barua za kazi, kila moja nikiifuta na kuiandika upya mpaka siku ya mwisho ya kutuma imepita. Mwaka huu niliamua kuanzisha kitalu cha miche ya kahawa. Nilichukua daftari nikaandika yanayohitajika, na ukurasa wa kwanza ulijaa majoka: gari, ofisi, mfadhili, pampu kubwa ya maji. Niliutazama miezi minne. Wiki iliyopita niliukata, nikaandika upya: viriba vya kuoteshea miche, udongo, samadi, ndoo za kumwagilia, na wanawake watatu wa jirani ambao wamekubali kuja kila asubuhi. Bado naogopa. Nimeandika pia pembeni, mbegu kidogo zibaki, huwezi kujua.

Leo asubuhi ndiyo siku ya kwanza. Kabla sijatoka, Bibi aliniita barazani akiwa na kikapu chake. Meno yake sasa yamekwisha, amefikia alipokuwa Babu Shomari na kupita, na ninayemmenyea ni mimi. Nilimenya buni tano. Mkono, kwa mazoea tu, ulizirusha kwenye ungo. Nne zililala kifudifudi. Zamani ningezirusha tena, na tena, mpaka zinipe ninachotaka. Nilizizoa nikazisaga kidogo, nikamtilia Bibi kiganjani zote tano, nikachukua ndoo. Wale wanawake watatu walikuwa wameshafika, wamesimama kwenye kitalu, kila mmoja na kanga aliyojifunga kiunoni.